Sura ya Tano: Mcheza Kwao Hutunzwa, Mbona Wanaondoka?

Mcheza kwao hutunzwa. Ukicheza ngoma mbele ya watu wa kwenu, wanaomjua mama yako na wanaoukumbuka mwembe uliokuwa ukiupanda utotoni, hata ukikosea hatua watakutupia sarafu na kukuvika leso shingoni.

Besiboli ya Japani ni ngoma ya namna hiyo. Ligi ya huko ina timu 12, na mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 26 waliingia viwanjani kuitazama. Ukigawanya kwa idadi ya michezo, unapata wastani wa watu kama 31,000 kila mchezo. Mashabiki huja na ngoma na matarumbeta, na wapigaji wana nyimbo zao ambazo jukwaa zima huziimba wanapoingia. Nyota hulipwa mishahara minono. Kwa kifupi, mchezaji anatunzwa, tena sana.

Hata hivyo, kila msimu unapokwisha, mashabiki hao hao huulizana: safari hii nani anakwenda Marekani? Swali hilo huzaa mengine mawili. Kwa nini aondoke mtu anayetunzwa kwao? Na ligi inayowapoteza nyota wake itaishi vipi?

Jibu langu nitalisema mapema, kisha nilifafanue hatua kwa hatua. Kuondoka kwenyewe hakukuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa mlango wa kutokea. Japani ilikaa zaidi ya miaka 30 ikijifunza kutengeneza mlango huo, na ulipokaa sawa, waliokwenda walinufaika na waliobaki pia.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona: mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja na kurusha mpira mdogo, mgumu. Mpigaji humsubiri umbali wa mita 18 na ushei, rungu mkononi. Akiupiga vizuri hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia timu yake imepata pointi. Akiupiga ukavuka uzio, hiyo huitwa homurani, naye huzunguka vituo vyote bila kubughudhiwa. Akiukosa mara tatu, anatoka. Mchezo wa kawaida una vipindi tisa.

Mchezo huu uliingia Japani mwaka 1872 kupitia mwalimu Mmarekani, Horace Wilson, aliyewafundisha wanafunzi wake mjini Tokyo. Wajapani wakaupa jina lao, *yakyu*, yaani mpira wa uwandani. Ligi ya kulipwa ilianza mwaka 1936, na tangu 1950 imegawanyika makundi mawili. Timu nyingi hubeba majina ya kampuni zinazozimiliki: Yomiuri ni ya gazeti, Hanshin ni ya reli, Nippon-Ham ni ya wauza nyama, SoftBank ni ya simu.

Kabla ya pesa kuna udongo

Ukitaka kujua kwa nini mchezaji wa Japani anapendwa hivi, usianzie kwenye ligi ya kulipwa. Anzia kwa watoto wa shule.

Kila mwezi wa Agosti, shule 49 za sekondari zilizoshinda katika mikoa yao hukutana kwenye uwanja wa Koshien, karibu na Osaka. Mashindano hayo yalianza mwaka 1915, na uwanja wenyewe ulifunguliwa 1924. Taifa zima huyafuatilia kwenye televisheni. Timu ikishindwa, vijana hupiga magoti, wakakusanya udongo wa uwanja kwa viganja na kuutia kwenye mifuko wakaupeleke nyumbani. Wengi wao hawatacheza tena mbele ya umati, na udongo huo ndio tuzo yao.

Jina hilo limefika hadi kwetu. Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na mashindano ya shule za Tanzania yamepewa jina hilo hilo la Koshien.

Malezi haya yana uzuri wake, lakini pia yana gharama. Mwaka 1998 kijana Daisuke Matsuzaka alirusha mipira 250 katika mchezo mmoja uliorefuka hadi vipindi 17. Siku mbili baadaye alirusha fainali nzima bila kuruhusu hata pigo moja safi, yaani la kumfikisha mpigaji kituoni. Akawa shujaa wa nchi, na hadithi yake ikawa kipimo walichopimiwa wavulana wengine, ingawa mkono wa mtoto si chuma.

Miaka 21 baadaye, mwaka 2019, kipimo hicho kilikataliwa hadharani. Roki Sasaki, kijana wa mkoa wa Iwate aliyempoteza baba yake katika tsunami ya 2011, alikuwa akirusha mpira kwa kasi ya kilomita 163 kwa saa akiwa bado sekondari. Shule yake, Ofunato, ilifika fainali ya mkoa. Ikishinda, inakwenda Koshien. Kocha wake akamkalisha benchi ili aulinde mkono wake. Ofunato ikafungwa 12 kwa 2. Simu za malalamiko zilimiminika shuleni. Wapo waliosema kocha amewanyima vijana ndoto yao, na wapo waliosema huyo ndiye mlezi wa kweli. Mwaka uliofuata ukawekwa ukomo: mrushaji wa sekondari asizidishe mirusho 500 kwa wiki.

Nampa haki kocha yule. Mlezi hamlei mtoto kwa ajili ya sherehe ya leo peke yake.

*Kwa ufupi:*
- Japani hulea wachezaji wake shuleni, mbele ya macho ya nchi nzima.
- Ndiyo maana mchezaji akiondoka, mashabiki huhisi ameondoka mtoto wao wenyewe.

Milango mitatu

*Wa kwanza ulikuwa umefungwa.* Mwaka 1964 klabu ya Nankai Hawks ilimpeleka Marekani mrushaji wa miaka 20, Masanori Murakami, akajifunze katika timu za chini za San Francisco Giants. Ilikuwa safari ya mafunzo tu. Lakini kijana aliiva haraka, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akawa Mjapani wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Marekani. Giants wakataka kubaki naye, Nankai wakataka arudishwe. Baada ya mvutano ikaamuliwa acheze msimu mmoja zaidi, kisha arudi. Akarudi. Klabu za nchi mbili zikakubaliana zisiingiliane tena, na kwa karibu miaka 30 hakuna Mjapani mwingine aliyekanyaga ligi hiyo.

Si kwamba hapakuwa na wenye uwezo. Sadaharu Oh, aliyecheza Yomiuri kuanzia 1959 hadi 1980, alipiga homurani 868, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika ligi kuu ya Marekani wala ya Japani. Alicheza kwao mpaka mwisho, akatunzwa. Lakini kizazi chake hakikuwa na pa kujipimia.

*Wa pili ulikuwa dirisha.* Mwishoni mwa 1994 mrushaji Hideo Nomo, aliyekuwa akiipa kisogo shabaha yake kabla ya kugeuka na kurusha, alikorofishana na klabu yake ya Kintetsu Buffaloes kuhusu mkataba. Yeye na wakala wake wakaupekua mkataba kifungu kwa kifungu, wakakuta tundu: mchezaji akistaafu, haruhusiwi kuchezea klabu nyingine ya Japani, lakini hakuna palipoandikwa kwamba haruhusiwi kucheza nje. Basi Nomo, akiwa na miaka 26, akatangaza kustaafu. Miezi michache baadaye akasaini Los Angeles Dodgers.

Nyumbani aliitwa msaliti. Lakini alipoanza kuwatoa Wamarekani mmoja baada ya mwingine, watu wa Tokyo walisimama asubuhi mbele ya skrini kubwa za barabarani kumwangalia kabla ya kuingia kazini. Mwishoni mwa msimu wa 1995 alichaguliwa mchezaji bora mpya wa ligi yake. Msaliti akageuka fahari.

*Wa tatu una ufunguo.* Tundu la Nomo lilizibwa. Lakini ilikuwa wazi kwamba ukizuia mlango watu watatafuta dirisha, hivyo mwaka 1998 ukawekwa utaratibu wa ruhusa kwa malipo.

Kifuta jasho cha fundi

Mfano wa mtaani utatusaidia. Fundi cherehani amemchukua kijana asiyejua hata kutunga uzi. Amemfundisha miaka sita, amemvumilia alipoharibu vitambaa vya wateja. Sasa kijana ameiva, na mwenye duka kubwa la mjini anamtaka.

Akimchukua kimya kimya, fundi amepata hasara, na kesho atakataa kufundisha mwingine. Fundi naye akimfungia kijana mlango, kijana atashona kwa kinyongo. Njia iliyobaki ni mwenye duka ampe fundi kifuta jasho, na kijana aende akiwa ameagwa.

Huo ndio utaratibu wa Japani. Kanuni zake kuu ni hizi:

1. Mchezaji akitimiza misimu tisa, yuko huru kwenda nje. Klabu yake haipati kitu.
2. Akitaka kwenda kabla ya hapo, anaomba ruhusa. Klabu inaweza kukubali au kukataa.
3. Klabu ikikubali, mchezaji hupewa siku 45 za kuzungumza na timu yoyote ya Ligi Kuu ya Marekani.
4. Akisaini, timu inayomchukua huilipa klabu ya Japani kifuta jasho. Asipoafikiana na yeyote, anarudi alikotoka.

Mwanzoni malipo yalikuwa kama mnada wa siri. Timu ya Marekani iliyotaja fedha nyingi zaidi ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuzungumza na mchezaji. Kwa njia hiyo Seattle Mariners walitoa dola kama milioni 13 kwa Ichiro Suzuki mwaka 2000, na Boston Red Sox wakatoa zaidi ya milioni 51 kwa Matsuzaka mwaka 2006. Mnada ulizinufaisha klabu, lakini mchezaji hakuwa na sauti. Ukabadilishwa mwaka 2013, na tangu 2018 kifuta jasho hukatwa kwa asilimia ya mkataba wenyewe: asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza, asilimia 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na asilimia 15 ya kinachozidi hapo.

Tupige hesabu. Desemba 2023 mrushaji Yoshinobu Yamamoto wa Orix Buffaloes alisaini na Dodgers miaka 12 kwa dola milioni 325.

- Milioni 25 za kwanza: dola milioni 5
- Milioni 25 zinazofuata: dola milioni 4.375
- Milioni 275 zilizobaki: dola milioni 41.25
- Jumla ya kifuta jasho: dola milioni 50.625

Lakini utaratibu huu una ufa. Mchezaji wa nje aliye chini ya miaka 25 haruhusiwi kupewa mkataba mnono Marekani. Husaini mkataba wa timu za chini, na fedha ya kusaini hutoka katika fungu dogo lenye ukomo. Roki Sasaki, yule kijana aliyekalishwa benchi, aliondoka Chiba Lotte Marines mapema 2025 akiwa na miaka 23. Fedha yake ya kusaini ilikuwa dola milioni 6.5, na klabu ikapata robo yake, yaani dola milioni 1.625. Orix walimwaga jasho wakafutwa kwa taulo; Chiba walifutwa kwa leso.

Pesa si jibu zima

Wapo wanaosema wachezaji hawa wanafuata dola tu. Hoja hiyo inakwama kwa Shohei Ohtani.

Mwaka 2012 Ohtani, mzaliwa wa Oshu, Iwate, alikusudia kwenda Marekani moja kwa moja akishamaliza sekondari. Nippon-Ham Fighters walimchagua hata hivyo, kisha wakamshawishi kwa ahadi isiyo ya kawaida: watamruhusu awe mrushaji na mpigaji kwa pamoja, jambo ambalo katika besiboli ya leo karibu kila kocha angelikataa. Alikubali, na mwaka 2016 akawasaidia kutwaa ubingwa wa Japani. Desemba 2017 akasaini Los Angeles Angels akiwa na miaka 23, kwa fedha ya kusaini ya dola milioni 2.3 tu. Angesubiri miaka miwili, angedai mara nyingi zaidi ya hapo. Hakusubiri. Mkataba wake wa dola milioni 700 na Dodgers ulikuja miaka sita baadaye, na sehemu yake kubwa, milioni 680, alikubali ilipwe mkataba ukishakwisha.

Ichiro naye alikuwa na swali la kujibu. Nomo alikuwa ameonyesha kwamba warushaji wa Japani wanaweza. Kuhusu wapigaji, wengi walitia shaka. Katika msimu wake wa kwanza, 2001, Ichiro alipata mapigo safi 242, akachaguliwa mchezaji bora mpya na mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 2004 alipata 262, akivunja rekodi iliyosimama tangu 1920. Mwaka 2025 akaingia katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli kwa kura 393 kati ya 394.

Mtu anayejua kazi yake hutaka kujua mpaka wa uwezo wake uko wapi. Mpaka huo hauonekani ukiwa ndani ya ua.

Wakifika, nini kinabadilika?

Kipaji hakisafiri peke yake. Mwili nao hujifunza upya. Mambo manne huwasumbua zaidi:

- Mpira. Wa Japani hunata kidogo vidoleni. Wa Marekani huteleza, ndiyo maana kabla ya mchezo hupakwa tope maalumu la mtoni.
- Mapumziko. Japani mrushaji anayeanza mchezo kwa kawaida hurusha mara moja kwa wiki. Marekani zamu yake huja mapema zaidi.
- Safari. Msimu wa Japani una michezo 143 na treni ya kasi. Wa Marekani una michezo 162, ndege, na majira yanayopishana kwa saa tatu kutoka pwani hadi pwani.
- Lugha. Utani wa chumba cha kubadilishia nguo, ushauri wa daktari na lawama za kocha, vyote hupitia kwa mkalimani.

Je, ligi ya nyumbani inakufa?

Haifi, na sababu ni tatu.

Kwanza, kiti kikiachwa hupata mkaaji. Kodai Senga alichukuliwa na SoftBank mwaka 2010 kwa kile kinachoitwa mkataba wa malezi: mchezaji hufunzwa, lakini haruhusiwi kucheza kikosi cha kwanza mpaka apandishwe. Alipanda, akawa nguzo ya timu, akamaliza misimu yake, na mwishoni mwa 2022 akasaini New York Mets miaka mitano kwa dola milioni 75. Ligi yenye ngazi inayofika chini kiasi hicho haikaukiwi.

Pili, waliokwenda na waliobaki bado huvaa jezi moja. Machi 2023, mjini Miami, Japani iliifunga Marekani 3 kwa 2 katika fainali ya dunia. Kazuma Okamoto, aliyekuwa akicheza Tokyo, alipiga homurani. Kipindi cha nane kilirushwa na Yu Darvish, na cha tisa na Ohtani, wote wa ligi ya Marekani. Mtu wa mwisho aliyetolewa na Ohtani alikuwa Mike Trout, nahodha wa Marekani na mwenzake katika timu ya Angels.

Tatu, wanaoagwa vizuri hukumbuka njia ya kurudi. Hili ndilo ningependa msomaji aondoke nalo.

Aliyerudi

Hiroshima ni mji uliojengwa upya kutoka kwenye majivu ya bomu. Klabu yake, Carp, ilianza kucheza mwaka 1950, na mwaka uliofuata ilikaribia kufa kwa ukata. Mapipa ya pombe ya mchele yakawekwa nje ya uwanja, na watu ambao wenyewe hawakuwa na kitu wakatumbukiza sarafu. Klabu ikapona.

Hiroki Kuroda aliingia Carp mwaka 1997. Mwaka 2006 alipokaribia kuondoka, mashabiki walitandaza bango kubwa jukwaani la kumwambia wako naye. Akabaki msimu mmoja zaidi, kisha akaenda, nao wakamuaga. Alirusha miaka saba Los Angeles na New York, na msimu wake wa mwisho kule alilipwa dola milioni 16. Timu za Marekani zilikuwa bado zinamtaka. Mwaka 2015, akiwa na miaka 40, akarudi Hiroshima kwa yeni kama milioni 400, takriban moja ya tano ya alichokuwa akilipwa. Mwaka 2016 Carp wakatwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza baada ya miaka 25.

Kwenye fainali ya Japani walikutana na Nippon-Ham. Kuroda alikuwa ameshatangaza kustaafu. Tarehe 25 Oktoba, mjini Sapporo, alipanda kichuguu, na mara mbili kijana mmoja akampiga vizuri mno. Katika kipindi cha sita wakakutana tena. Safari hii mpira ulipaa juu upande wa kushoto, ukadakwa. Miguu ya Kuroda ikamgomea, akatoka uwanjani, na hakurusha tena mpira mwingine katika mchezo wa ligi.

Kijana yule alikuwa Shohei Ohtani, mwenye miaka 22. Mwaka mmoja baadaye aliomba ruhusa, akafunguliwa mlango ule wa tatu.